Nimepongezwa kwa Kuanika Godoro

Jumatano iliyopita niliamka saa nne na robo asubuhi, nikaburuta godoro hadi uani, nikalilaza juu ya ukuta mfupi lipate jua, kisha nikasimama pembeni napiga miayo. Hiyo ndiyo kazi yote niliyokuwa nimeifanya tangu wiki ianze. Mama mwenye nyumba akapita na ndoo yake, akalitazama godoro, akanitazama mimi, akasema kwa upole uliojaa heshima, "Gyebale ko, ssebo."

Kwa asiyejua Kiganda: ssebo ni bwana, na gyebale ko ni salamu, ila ndani yake mna ahsante na hongera kwa pamoja. Mtu anashukuriwa kwa kazi anayoifanya, hata kama kazi yenyewe haimfaidii chochote huyo anayeshukuru. Anayefua ataambiwa gyebale okwoza, mwenye daftari mkononi ataambiwa gyebale okusoma. Anayeanika godoro nadhani wanamtia kwenye fungu la jumla. Nikaitikia "Kale, nnyabo," yaani sawa, mama, nikaingia ndani na haya zangu. Siku hiyo nikaosha hata sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Huu ni mwaka wangu wa pili Kampala, na hii ni likizo ndefu ya kwanza ninayoimalizia hukuhuku. Sababu ni nauli. Kutoka hapa hadi nyumbani Tanga kwa basi unapita Busia, Nairobi, Mombasa, Horohoro, mipaka miwili na mgongo mmoja, na pesa ya kwenda na kurudi inalipa kodi ya chumba changu cha Kikoni miezi miwili. Nilipiga hesabu, nikairudia nikidhani nimekosea, nikampigia mama kumwambia nabaki. Wenzangu wengi waliondoka mtihani wa mwisho ulipokwisha. Bweni lililokuwa likilia redio tano kwa mpigo sasa linasikika bomba la maji likidondoka.

Binamu yangu anasoma Leeds, Uingereza. Naye yuko likizo, ila yake ina jina kubwa, "samaa", na anaitamka kama aliyezaliwa nayo. Kanitumia picha kalala kwenye nyasi na kaptula, saa tatu na nusu usiku, jua bado linawaka. Akauliza, "Na nyie huko, samaa vipi?" Nikakaa na swali hilo. Kamusi inasema ni kiangazi. Lakini kwetu pwani, miezi hii ya Juni na Julai ni kipupwe, kusi inavuma, wazee wanatoa makoti yanayonuka nondo na bahari inachafuka. Kiangazi chetu kinakuja baada ya Krismasi, wakati binamu yuko ndani ya soksi mbili. Na Kampala? Ikweta inapita Kayabwe, kilomita 70 hivi kutoka hapa ukielekea Masaka. Jua linazama karibu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba, kama mfanyakazi wa serikali. Mji wenyewe uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtoto wa Tanga asubuhi natetemeka na sweta huku wenyeji wamevaa fulana. Nikamjibu binamu: "Samaa haijafika, labda imekwama Busia."

Sasa nirudi kwa yule mama wa ndoo, maana ndiye aliyenipa la kuandika.

Kwetu, mtu anayefanya kazi tunampa pole. Pole na kazi. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na sikulitazama usoni mpaka nilipofika mahali ambapo halisemwi. Pole ni neno la msiba, la kidole kilichojikwaa, la malaria, la aliyeibiwa simu. Na sisi tunampa mtu aliyeshika jembe, kana kwamba jembe limemwangukia. Mama yangu anakaanga vitumbua Ngamiani, mtaani kwetu Tanga. Saa kumi za usiku yuko jikoni, na kila anayepita kwenda kuswali alfajiri humwambia, "Pole na kazi, mama." Naye, jasho linamtiririka, mafuta yanachemka mbele yake, huitikia, "Nishapoa." Hakuna mtu duniani aliye mbali na kupoa kama mama yangu wakati ule.

Waganda wanamwona mtu huyohuyo na kumshukuru. Mpita njia anamshukuru mfagia barabara. Mfagia barabara anamshukuru mpita njia, kwa sababu naye lazima anatoka kwenye kazi fulani. Wote wawili wanaguna "mmm", "eee", mara mbili tatu, kila mmoja akienda zake, na mguno wa mwisho unausikia mtu akiwa keshakupita hatua kumi. Hapo wametuzidi. Nasema hivi nikijua kuna watu Tanga watanifungia mlango.

Ila wametuzidi kwenye kazi tu. Kwenye kukaa, Tanga ni bingwa, na hapo sibishani na mtu.

Likizo ya kwetu huitafuti, inakufuata kibarazani. Unatoka nje baada ya alasiri, unakuta watu wanne kwenye jiwe la saruji, unasema "asalamu alaikum", wanasogea. Hulipi. Huulizwi umefuata nini. Kahawa inapita na deli lake, kashata inapita, machungwa ya Muheza yamejaa mpaka watoto wanayachezea mpira, na mchezo wa bao unaendelea tangu juzi. Magharibi ikiingia umejua nani kaoa, nani kaachwa, na nani anataka kuuza baiskeli. Hiyo ndiyo habari yote ya siku na hujatoa hata shilingi.

Kampala nimetafuta kibaraza cha namna hiyo kwa mwezi mzima. Vibaraza vipo, tena vingi, lakini kila kimoja kina mtu anafanya kazi juu yake. Hiki kina meza ya kutuma pesa kwa simu, kile kina fundi cherehani, kinachofuata kina jiko la chapati. Ukikaa bure kwa dakika tano unaulizwa, kwa adabu kabisa, "Ssebo, nikusaidie?" Nikajaribu bustani, nako nikakuta makalooli.

Hawa ndege wanahitaji aya yao. Kiswahili chao ni korongo mfukoshingo. Wapo Wandegeya, wapo Mulago, wapo juu ya kila mti uliokaribia jalala. Ana urefu wa mtoto wa darasa la saba, kipara chenye madoa, mfuko mwekundu unaning'inia shingoni kama tai iliyofungwa vibaya, na mabawa meusi yaliyokunjwa nyuma kama koti. Hana haraka. Anatembea hatua mbili, anasimama, anakukazia jicho. Nilikaa kwenye benchi nikala mhogo, akaja mmoja akasimama mita mbili kutoka kwangu, mikono nyuma, bila kusema neno. Msimamizi wa mtihani mtupu. Nikajikuta nauficha mhogo kama karatasi ya majibu. Nilimaliza kula nikiwa nimesimama, nikaondoka, na bado naamini ameandika namba yangu.

Mwisho nilikipata kibaraza, ila kina magurudumu. Ni kijiwe cha bodaboda kona ya mtaani kwetu, wao wanakiita siteegi. Chini ya mwembe kuna benchi moja, pikipiki saba au nane, na ubao wa mweso. Ubao ndio ulioniita. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Nikasema moyoni, hili si bao? Mimi mjukuu wa mtu aliyekuwa akicheza bao mpaka daku! Nikaketi kwa kiburi nikamwomba mzee wa kijiwe mchezo mmoja.

Wasomaji wanaojua bao watanihurumia. Nilisubiri kunamua, yaani kuingiza kete moja moja, hakuna kunamua. Kila mtu anapanga kete zake 32 atakavyo, halafu vita. Nikatafuta nyumba, lile shimo maalumu la kuwekea mali, hakuna nyumba. Nikajipanga kama tunavyojipanga kwetu, nikilinda safu ya mbele na kuficha mali nyuma, kwa sababu kwenye bao mwenzako anakula shimo la mbele lililo mkabala naye, basi. Mzee akazungusha kete, ya mwisho ikaangukia shimo lake la ndani lenye kete, na mashimo yangu mawili ya mstari ule, la mbele na la nyuma, yote yalikuwa yamejaa. Akayazoa yote mawili kwa kiganja kimoja. Akarudi pale alipoanzia, akamwaga tena, akala tena. Ile mali yangu ya nyuma ndiyo iliyomnenepesha. Mchezo uliisha kabla chai yangu haijapoa. Akanyosha mgongo, akaniambia bila kejeli hata kidogo, "Gyebale okuzannya." Yaani hongera kwa kucheza. Nimeshindwa vibaya na bado nimeshukuriwa!

Tangu hapo nipo kijiweni kila siku baada ya adhuhuri. Mzee huyu Kiswahili chake alikiokota Mutukula, mpakani na Tanzania, enzi akiwa utingo wa malori. Alipojua mimi ni Mtanzania alinitazama miguuni. Mwaka 1979 alikuwa mtoto wa miaka minane, na aliwaona askari wetu wakipita barabara ya Masaka kwa miguu kuja kumng'oa Amin. Watu wa huku waliwaita Bakombozi. "Na wewe kila siku natembea kwa mguu," akaniambia (nafsi zake zina uhuru wao). "Nyinyi watu wa Nyerere hapana penda pikipiki?" Nilishindwa kumwambia kwamba ni umaskini tu, hauna uhusiano na ukombozi.

Vijana wa kijiweni Kiswahili chao ni kingine. Ni cha kuamrisha. "Kuja hapa!" "Kaa chini!" "Toa!" Nikawauliza wamejifunzia wapi, wakacheka. Kwa miaka mingi huku hii ilikuwa lugha ya jeshi na vizuizi vya barabarani, na aliyeisikia usiku alijua kuna mtu ana bunduki. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikuisaidia kupendwa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Lakini maamuzi ya mawaziri hayajamfikia bibi mmoja niliyemuuliza njia jioni moja pale Wandegeya. Nilisema tu, "Shikamoo bibi, samahani, naomba kuuliza." Akaukumbatia mkoba wake. Mjukuu wake akamtafsiria. Bibi akanitazama upya, akauliza kitu, mjukuu akacheka: "Anauliza kama Kiswahili kina neno la kuomba." Kwa mtu wa Tanga, mahali tunapoomba radhi hata kabla ya kuomba chumvi, hilo liliniuma zaidi ya mweso.

Na Kiganda nacho kinanitega. Kinafanana na chetu kiasi cha kukudanganya. Kale yao ni sawa, si zamani. Na linda yao, jamani. Wiki za mwanzo nilikwenda kwa kijana wa chapati hapo mtaani, nikaagiza mayai mawili kwa chapati moja, ile wanayoiita rolex (utani wa saa ya mkononi nauacha, kila mgeni keshausema). Kijana akagundua mifuko imemwishia. "Ssebo, lindako," akakimbia. Nikalinda. Nilisimama mbele ya lile jiko kama polisi wa benki. Akaja mteja akanyosha mkono kuchukua chapati zake zilizokuwa zimefungwa tayari kwenye gazeti, nikamzuia. Akanieleza kwa Kiganda, nikamzuia kwa Kiswahili. Mwenye jiko aliporudi alikuta mabishano, na chapati ya kikaangoni imekuwa mkaa, maana mimi niliambiwa nilinde, sikuambiwa nigeuze. Kulinda kwa Kiganda ni kusubiri.

Chapati yenyewe ni habari. Kwetu chapati ni mgeni wa heshima: inasukumwa, inapakwa mafuta, inakunjwa, inasukumwa tena, na inakuja siku ya Idi au mkwe akitarajiwa. Hapa ni mpangaji wa kudumu. Ipo kila kona, asubuhi mpaka saa sita usiku, na mwanafunzi asiye na kitu anakatiwa vipande juu ya maharage na kupewa jina la kijeshi, kikomando. Nilipomwambia mama kwamba nala chapati kila siku alimtangazia mtaa mzima kuwa mwanawe maisha yamemnyookea.

Jirani yangu wa chumba cha pili ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anasuka nywele mlangoni kwake. Yeye ndiye wa pekee jengo zima anayenikalisha bila kuniuliza nisaidiwe nini. "Jambo yako," anasema, ananisogezea kigoda. Kiswahili chake kina kona ambazo changu hakina, na tunabishana juu ya majina. Mimi nasema kisamvu, yeye anasema sombe. Mimi nasema ugali, yeye bugali. Na Waganda wanaotupita wanasema posho. Jumapili alipika sombe yenyewe, akanipakulia. Nilitamani nazi, sikusema. Nikamwambia "Pole na kazi", mazoea ya kwetu. Akaniuliza kama kuna mtu amenipa habari mbaya kutoka kwao.

Siku hizi kijiweni wananiita "Tanga". Sababu ni bomba la mafuta, lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani, pua na mdomo na mji wetu. Kilomita 1,443. Mafuta ya huku ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linapashwa joto njia nzima. Nimewaeleza kwamba hicho ndicho kinachoniudhi: mafuta yametengewa njia mpaka nyumbani kwetu moja kwa moja, yakiwa ndani ya blanketi, bila kubadili basi Nairobi, na mimi nimekaa hapa na sweta kwa kukosa nauli. Mzee akacheka mpaka akashika mwembe. Halafu akawa makini ghafla, akaninyoshea kidole: "Basi nyinyi muyalinde." Sikujua amesema Kiswahili au Kiganda. Nikaitikia kale, kwa vyote viwili.

Kuna saa, kama saa kumi na moja jioni, wateja wanapungua kidogo kabla watu hawajatoka kazini. Pikipiki zimepangwa, mmoja kalala juu ya yake kifudifudi, miguu kwenye usukani, na hakuna atakayenieleza mtu anapataje usingizi hapo. Wengine wanabishana kuhusu mchezaji gani atauzwa, maana ligi ya Uingereza imelala na wao hawajui la kufanya na Jumamosi zao. Mzee anapanga kete. Mimi nipo mwisho wa benchi, sina kazi, sina mtihani, na kwa dakika ishirini hivi pananukia Ngamiani. Halafu simu ya mtu inalia, anawasha, anaondoka, na aliyebaki anamwambia gyebale kabla hata hajapata abiria.

Nimeanza kuzoea. Nimeanza hata kuudhika nisiposhukuriwa. Juzi nilipanda ngazi na ndoo ya maji nikapishana na mwanafunzi mgeni, akanipita kimya, nikajiuliza mtoto huyu kalelewa na nani.

Basi jana usiku nikampigia mama. Nikatoa shikamoo, akaipokea, akaniambia vitumbua vimekwisha mapema na bei ya mchele imepanda. Hapo ndipo ninaposemaga pole na kazi. Nikaona aibu, mama amesimama motoni miaka yote hii na mimi nampa pole kama mgonjwa. Nikasema, "Mama, ahsante kwa kazi. Hongera sana."

Kimya. Nikasikia anafunga mlango wa jikoni.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "sema ukweli. Umefeli?"